Kabla ya kuing'oa pawa saplai ya OptiPlex

Mtu akinunua kompyuta ya mezani ya Dell OptiPlex 9020 iliyotumika na kuuliza kama itabeba kadi ya grafiki ya GTX 1650, jibu la mafundi wengi liko tayari: pawa saplai iliyokuja na mashine, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani yake, haitoshi, nunua nyingine.

Jibu hilo lina msingi. Nvidia, waliounda kadi hiyo, wanapendekeza pawa saplai ya wati 300, na pawa saplai ya 9020 yenye kasha kubwa ni ya wati 290. Zimepungua 10 tu, na kwa sababu ya hizo 10 vifaa vizima vinang'olewa na kutupwa.

Hebu tuzihesabu wenyewe. GTX 1650 imepangiwa wati 75, ambazo ndizo nyingi zaidi kadi inazoruhusiwa kuchota kwenye sloti, yaani pale inapochomekwa kwenye madabodi, bila waya wa ziada. Prosesa ya Core i5-4590 imepangiwa 84. Madabodi, RAM, diski na feni tuzipe 50, tena kwa ukarimu. Jumla ni 209, na hapo kila kitu kinafanya kazi kwa nguvu zote kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata gemu nzito hulifikia kwa nadra. Bado tuna wati 81 mkononi. Nvidia inataja 300 kwa sababu haijui kadi itaingia kwenye mashine gani: huenda prosesa ikawa mlafi zaidi, huenda pawa saplai yenyewe ikawa ya kubabaisha.

Na za kubabaisha ndizo zilizojaa madukani. Boksi limeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Geuza kifaa usome lebo kwenye safu ya volti 12, kwani humo ndimo prosesa na kadi zinamokula. Ukikuta ampia 15, zidisha kwa 12: wati 180. Hiyo 500 ya kwenye boksi ni hesabu ya karatasi. Pawa saplai ya Dell, kinyume chake, hutoa karibu nguvu yake yote kwenye volti 12. Mteja amelipa ili apate pungufu ya alichokuwa nacho.

Fundi ana hoja nzito zaidi kwenye umri. Mashine hizi zilitoka 2013. Kapasita, vijipande vinavyohifadhi na kutuliza umeme, huchoka, vumbi huziba feni, na umeme unaopanda na kushuka huzimaliza kabisa. Kwa hiyo ipulizwe vumbi, feni isikilizwe, kisha mashine ichezeshwe gemu nzito saa nzima kabla ya kuaminiwa.

Kwa kadi kubwa zaidi zenye tundu la waya wa ziada wa umeme, sina ubishi naye. RTX 3060 ni wati 170, RX 580 ni 185. Hesabu yetu inavuka 290 papo hapo. Baadhi ya GTX 1650 nazo zina tundu la pini 6, basi kagua kabla ya kulipa. Na ile adapta ya kugeuza plagi ya SATA, ile inayolisha diski umeme, iwe pini 6 iogopwe: SATA imepimiwa wati 54 kwenye volti 12, ilhali tundu hilo linaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki huyeyuka.

Ukilazimika kubadilisha, kumbuka kwamba plagi ya madabodi ya 9020 ni ya pini 8, si 24 za kawaida. Ulizia adapta yake kwanza, kadi baadaye.