Kamba Haiangushi Mti

Aprili, mvua ikiwa imeshika, jirani yangu huku Dagoretti aliita fundi amwangushie mkaratusi ulioanza kuinamia ukuta. Fundi akaja na pawaso, yaani msumeno wa injini, begani, akala miguuni, na vijana watatu wa kuvuta kamba. Sote tuliotoka kutazama tuliiamini sana ile kamba. Mti ukaenda ulikotaka, juu ya jiko la mabati la plot ya pili. Mama mwenye jiko alikuwa dukani akinunua unga, bahati yake.

Niliinama nikakiangalia kisiki. Kilikuwa laini kama meza, kimepitishwa msumeno upande hadi upande. Hilo ndilo kosa tunalolipigia makofi, maana linafanana na kazi ya haraka.

Kinachouongoza mti ni ile mbao uliyoiacha bila kuikata. Upande unaotaka uangukie, unatoa kwanza pengo kama kipande cha tikiti, kina chake kama robo ya unene wa shina. Halafu unazunguka nyuma, unakata ukija mbele, na unakoma kabla hujalifikia pengo. Kile kiukanda kinachobaki, kama sehemu moja ya kumi ya unene, ndicho bawaba. Mti hujikunja juu yake kama mlango, kuelekea upande mmoja. Ikiwa umeinama kwingine, unapigilia kabari nyuma, na kamba inasaidia. Lakini bawaba ikikatwa, hata vijana kumi hawaushiki.

Halafu ile kamba yenyewe ilikuwa fupi kuliko mti! Yaani mti ungewatii, ungewaangukia. Watu wote wasio na kazi pale wanatakiwa wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti. Fundi naye huandaa njia yake ya kukimbilia kabla ya kuwasha injini, kwa mshazari kwenda nyuma, kwa sababu shina linaweza kuruka likarudi moja kwa moja kinyumenyume. Siku ile njia hiyo ilikuwa na kamba ya nguo na mitungi miwili ya maji.

Kuna pia ile ncha ya msumeno. Kona yake ya juu ikigusa mbao, msumeno mzima unarushwa kuelekea usoni, kasi ambayo mkono hauwezi kuzuia. Ndiyo maana haukatiwi juu ya mabega, wala kwa mkono mmoja, wala juu ya ngazi. Hapa mjini nimeviona vyote vitatu, vingine kwa mtu mmoja.

Mwaka 2020 Nairobi nzima iliuzungumzia mugumo, ule mtini mkubwa wa kando ya barabara ya Waiyaki Way, mpaka ukanusurishwa kwa amri ya Rais. Vizuri sana. Ila aliyeshika msumeno hatumuulizi lolote zaidi ya bei, na mimi lawama namtupia mwenye plot kabla ya fundi. Ukimshusha mtu hadi nauli na kuni, kisha ukasimama nyuma yake ukitazama saa, kofia ya mjengo atainunua na nini?

Jirani bado ana mkaratusi wa pili. Juzi ameniuliza fundi wa bei nafuu. Nimemwambia amwite yule yule, ila anunue kwanza kamba ndefu, kofia na kabari mbili, na siku hiyo asimuulize kwa nini anauzunguka mti bila kukata.