Reli ya Tanga–Moshi–Arusha: tukisubiri SGR tusiiache hii ikafa mara ya pili

Tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria Dar mpaka Dodoma mwaka 2024, hapa Moshi maneno yamekuwa mengi na kila nikikaa mahali nayasikia yaleyale: hii reli ya zamani ya Mjerumani ni kupoteza hela tu, treni ya abiria inakuja siku chache kwa wiki, inalala njiani usiku kucha, sasa hela ya kubadilisha mataruma na kumwaga kokoto si bora ikapanue barabara, au tutulie tusubiri SGR yetu. Wanaosema hivyo wengine ni watu ninaowaheshimu kabisa na hoja yao ina ukweli ndani, sitaki kuipita juujuu.

Muda kwanza. Ukiondoka Dar na treni alasiri unafika Moshi asubuhi yake, Arusha mbele zaidi, na basi likitoka asubuhi jioni umeshafika. Alafu tangu Oktoba 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, mtu mwenye kikao kesho anapanda jioni, asubuhi yuko Mbezi Luis, stendi ya mabasi ya Dar. Kwa huyo mtu treni haina jibu na haitakuwa nalo karibuni. Pili ni masika, maji yakishuka milima ya Pare yanakata tuta na kuzoa makalavati, na reli ikikatika sehemu moja tu njia nzima imelala. Na tatu, hili linaniuma kidogo, ile miaka zaidi ya 20 ambayo treni ya abiria haikufika Moshi watu walisogea wakajenga, wakapanda migomba mpaka kwenye vyuma, ndipo reli ikarudi na alama ya X ya kubomolewa ikapigwa ukutani. Kisheria hifadhi ni ya reli, sawa, lakini mama aliyelea watoto watano kwenye kile kibanda humwambii sheria akaelewa siku hiyohiyo.

Yote hayo nayakubali. Ila ukisikiliza vizuri utaona kipimo ni kimoja, abiria wa Dar na saa anazotumia, na mimi naona hapo ndipo tunapoikosea hii reli.

Historia mnaijua, ujenzi ulianza Tanga 1893, Moshi ikafikiwa 1911, Mwingereza akaja kuisogeza Arusha 1929. Hawakuijenga ili watu wawahi vikao. Ilikuwa ya katani na kahawa, ya mzigo kushuka bandarini na mzigo mwingine kupanda huku, na ilipokuja kulala mzigo ndio ulikuwa umeikimbia, bei ya katani ilianguka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na ile njia ya Kahe kwenda Voi, Kenya, kupitia Taveta ikapoa. Kwa hiyo swali la kuuliza leo ni kama mzigo upo, na mimi nasema upo.

Angalia bandari ya Tanga. Serikali imemwaga pale zaidi ya shilingi bilioni 429, kina pale gatini kimetoka mita 3 mpaka 13, meli ambazo zamani zilikuwa zinatia nanga mbali huko, mzigo unashushwa kwenye matishari alafu ndio usogezwe nchi kavu, sasa zinafunga gati zenyewe. Hizo ni hela nyingi sana jamani. Sasa mzigo ukishashuka pale unakuja huku kwetu na nini? Bandari ile ina reli moja tu, hiihii tunayoiita kupoteza hela. Ukiiacha ife maana yake umejenga mlango mkubwa wa bilioni 429 alafu kila kinachopita mlangoni unakipakia kwenye lori.

Na hesabu ya lori mimi huwa inaninyima raha. Chukua treni moja ya saruji kutoka Tanga, mabehewa 20, kila behewa tani 40, hapo una tani 800. Lori la tani 30 utahitaji 27 kubeba huo mzigo, ishirini na saba, kwa treni moja ambayo ina kichwa kimoja na wafanyakazi wachache. Sasa hizo 27 zipange barabarani, Segera, Mombo, Hedaru, Same, Mwanga, Himo, kila moja inataka kupita mwenzake kwenye mlima, nyuma kuna mabasi yana haraka, pembeni kuna bodaboda na watoto wanatoka shule. Na lami nayo ina kanuni yake ambayo wahandisi wa barabara wanaijua miaka mingi, kwamba ekseli ikibeba mara mbili ya uzito uharibifu hauongezeki mara mbili, unakaribia mara 16. Kinachochimba barabara yetu ni ekseli nzito, gari dogo lako wewe linapita lami haina habari nalo. Kwa hiyo anayesema hela ya reli iende barabarani ajue kwamba akiondoa treni anaongeza lori, na lori zinaila ileile barabara aliyotaka kuitengeneza, miaka michache tunaanza viraka upya. Sijawahi kusikia mtu akiweka hiyo gharama kwenye hesabu anapoilinganisha reli na barabara, wanalinganisha bei ya mataruma na bei ya lami mpya basi.

Hata kwa abiria picha haiko vile inavyosemwa. Treni iliporudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, waliopanda kwa wingi sio wale wa kikao. Ni wa Mkomazi, Hedaru, Makanya, Kahe, ni mama wa mikungu ya ndizi na viroba ambaye kwenye basi kila kipande kinapigiwa bei na konda, na ambaye treni inamshusha Stesheni katikati ya Dar, Kariakoo ile pale, wakati basi linamwacha Mbezi aanze kutafuta gari lingine na mzigo kichwani. Alafu ije Desemba, sisi watu wa Kilimanjaro tunavyorudi nyumbani mnajua wenyewe, mnasema tunaenda kuhesabiwa, nauli za mabasi zinapanda, tiketi hakuna, na familia ya watu sita inaweza kukwama kabisa. Mwezi huo treni ikiongeza safari hakuna anayeuliza inachukua saa ngapi.

Pale ambapo nakubaliana na wakosoaji moja kwa moja ni hizi kilomita 86 za Moshi na Arusha. Kwa sasa kwa abiria wa hapa hapa hazina faida, kosta inakufikisha kwa saa mbili na inaondoka kila saa, treni unaisubiri siku yake. Lakini barabara yenyewe njia nne zimeishia Tengeru, kutoka pale kurudi Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti mpaka Boma Ng'ombe mnakaa foleni nyuma ya lori mkitambaa. Reli yenyewe imepita chini, Rundugai, Kikuletwa, huko ambako mkulima wa nyanya na vitunguu barabara kuu iko mbali naye. Mimi ningeanza na treni moja ya asubuhi na moja ya jioni, mabehewa machache tu, kila siku ya kazi, ikimwaga watu Unga Limited pale Arusha mjini kabla ya saa mbili. Mtu hawezi kupanga maisha yake kwa usafiri wa siku mbili tatu kwa wiki, ndio maana behewa linaonekana tupu.

Kuhusu SGR, naitaka kama mwingine yeyote. Mpango wa Tanga–Arusha mpaka Musoma ni kilomita 1,028, na matawi ya kwenda Engaruka kwenye magadi na Minjingu kwenye mbolea, ni mradi wenye akili. Lakini ile ya Dar ujenzi ulianza 2017 na abiria wakapanda 2024, miaka saba, na muda wote huo reli ya zamani ya kati iliendelea kubeba mzigo, hakuna aliyesema ing'olewe. Na siku hii ya kwetu ikianza kujengwa, vyuma vyake vitashushwa Tanga kwenye gati lile la mita 13, maelfu ya tani, na vitatakiwa vipandishwe mpaka Same, mpaka Moshi, mpaka Arusha. Naomba wanaosema tuiache reli ya zamani waniambie vitapanda na nini.