Mama Nilimleta Mjini Apumzike

Nilipomtoa mama Newala na kumleta Mtwara mjini, niliwaambia majirani amekuja kupumzika. Kule alikuwa akipalilia, msimu wa korosho akiokota, na njia ya shamba akiipanda na kuishuka na mzigo kichwani. Hapa Chuno nikamkataza hata ufagio. Haukupita mwaka, akawa hawezi kuinuka mkekani mpaka aweke kiganja chini, apige goti, kisha autafute ukuta. Uzee ulikuwepo, sikatai. Lakini yale mapumziko yangu ndiyo yaliyomlegeza miguu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu wa miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa kasi. Hilo wengi tunalijua. Tunalolisahau ni hili: siku tatu au zaidi za mazoezi ya kutia mwili nguvu na kuuzoeza kusimama imara, ili mzee asianguke. Mzee akivunjika nyonga, nyumba nzima inasimama.

Mtaani kwetu kina mama wazee wanakutana uwanja wa shule mara tatu kwa wiki, baada ya swala ya alfajiri, jua halijakolea. Kila mmoja na kiti chake cha plastiki. Anakaa, anakunja mikono kifuani, anasimama bila kujishika, anakaa tena. Mara kumi. Halafu ngoma inapigwa, na hapo ndipo nilipoona mambo: mama mmoja aliyekuwa akilalamikia magoti kwenye kiti aliingia kwenye sindimba, kiuno kikafuata ngoma kama cha msichana.

"Shikamoo mama. Magoti vipi?"

"Marahaba mwanangu. Yanauma. Ila nisipoonekana, wenzangu wanakuja kunigongea."

Huko kugongewa mlango ndiko kunakokosekana kwenye mabonanza yetu. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wazee wanagawiwa fulana, wanatembezwa juani, wanapimwa presha, wanapigwa picha, basi mpaka mwakani. Kupima presha ni jambo jema, tena mwenye presha au kizunguzungu amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi. Lakini miguu haipati nguvu kwa siku moja. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Sasa viongozi wa mitaa watufungulie viwanja vya shule asubuhi, na mhudumu wa zahanati apite japo mara moja kwa mwezi.

Wanaume nao? Wako kwenye bao. Uwanjani kwa kina mama hawaji, na sioni haja ya kuwalazimisha. Wawekewe lao: jua likipoa watoke barazani pamoja, waende kwa miguu hadi Shangani na kurudi.

Mama yangu naye ana mwezi wa nne sasa kwenye mazoezi hayo ya uwanjani. Ukuta bado anaugusa akiinuka, ila hauegemei. Ufagio nimemrudishia.