Pikipiki ya kwanza ya milimani: tupime kiti kabla ya injini
Mzazi wa Mbeya anayetaka kumnunulia kijana wake mwenye leseni pikipiki ya njia za vumbi na tope huambiwa mapema kwamba injini ya cc 150 ni ndogo mno kwa milima yetu, bora ajikamue anunue ya 250. Hoja hiyo ina msingi. Katika uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini ya kawaida ya pikipiki hupoteza karibu robo ya nguvu zake za pwani, na yenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huongezewa tatizo la petroli kuzidi hewa.

Ninachosikitika ni kwamba mazungumzo huishia hapo, bila yeyote kuuliza kama miguu ya kijana inafika chini. Kiti cha Honda XR150L kina kimo cha sentimita zipatazo 83, na cha CRF250L karibu 88. Juu ya sakafu ya duka tofauti hiyo haimsumbui mtu. Wakati wa masika, kwenye kipande cha Isyonje kupanda Kitulo, injini ikizima katikati ya kona, pikipiki huanza kurudi nyuma kwenye utelezi huku mwendeshaji akitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu, mara nyingi upande uleule ambao magurudumu ya magari yamechimba mfereji. Akikanyaga kwa unyayo mzima, atabana klachi, atawasha na kuendelea. Asipofika, chombo cha kilo zipatazo 140 kinamlalia mguuni. Tena kijana mwepesi habonyezi shokapu kama mtu mzima, kwa hiyo kiti hakimshukii vya kutosha. Akishaangukiwa mara kadhaa, hofu humfanya ang'ang'anie breki ya mbele palepale anapotakiwa kuiachia, na hapo kujifunza kunakwama.

Upungufu wa nguvu, kwa upande wake, una dawa ya bei nafuu: fundi hufunga sproketi ya nyuma, yaani gurudumu la meno linalozungushwa na mnyororo, yenye meno mengi zaidi, mlima ukapandika kwa gia ndogo bila kuichosha klachi. Kasi ya juu itapungua, jambo ambalo kwa anayejifunza silioni kuwa hasara.

Ningekubali 250 kwa kijana ambaye safari zake nyingi ni za lami, tuseme Mbeya hadi Makambako, kwa kuwa kwenye barabara ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, uwezo wa kulipita lori upesi ni sehemu ya usalama wake. Hata huyo akae kwanza kitini, na visigino vyote viwili viguse chini, kabla mzazi hajalipa.