Mwenza wa Lazima

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, kilikuwa kikiandikisha wanachama kwenye daftari linalonuka dagaa. Kwa kiherehere changu nikasimama kikaoni nikasema hilo nalimaliza kwa fomu ya mtandaoni, tena bure. Makofi. Mwenyekiti akaninunulia soda. Nilipaswa kushtuka palepale, maana Mwenyekiti hanunui soda.

Fomu haikuwa na makuu: jina, simu, kazi, kisha swali, "Una mwenza?" Ukibonyeza Ndiyo, kinajitokeza kisanduku cha "Jina la mwenza" chenye kinyota chekundu, yaani hupiti bila kujaza, kwa kuwa mwenza ndiye anayefuatwa mkopaji akiyeyuka. Ukibonyeza Hapana, kisanduku kinajificha. Niliijaribu nyumbani mara kumi, ikapita mara kumi. Mimi nina mke, kwa hiyo mara zote kumi nilibonyeza Ndiyo.

Siku ya kuandikisha, wenye ndoa walimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Makapera wakakwama. Mzee mmoja mjane, mwenye mitumbwi miwili, akaniita: "Ng'wanawane, hebu njoo. Simu hii imekufa, au ni kidole changu?" Kajaza kila kitu, kabonyeza Hapana, anabonyeza Tuma. Kimya. Akafuta magamba kwenye kioo kwa pindo la shati, akabonyeza tena, safari hii kwa kidole gumba. Kimya. Hakuna maandishi mekundu, hakuna kiduara cha kuzunguka. Kijana wa pembeni akasema ni mtandao. Mwingine akasema bando limekata. Mama Chapati, anayepika karibu na mzani, akasema mzee karogwa, ndiyo maana hata mke wa pili hapati. Mzee akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mimi wakati ule sikutilia maanani.

Nilikuwa na msiba Sengerema, kwa hiyo kosa lenyewe nililisaka nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, kompyuta magotini, chaji asilimia 6. Nikafungua konsoli, kile kidirisha cha mafundi ambacho mtumiaji wa kawaida hakioni, nikakuta brauza, ile programu inayofungua kurasa za mtandao, imeandika malalamiko yake humo: kuna sehemu haijakubalika, nami siwezi kuifikia. Upuuzi wangu ukawa wazi. Kisanduku nilikificha, sikukizima. Machoni pa mzee hakipo. Kwa brauza kipo, ni cha lazima, na ni kitupu. Kawaida brauza ikizuia fomu humpeleka mtu mpaka kwenye kosa, imwambie jaza hapa. Sasa itampelekaje mahali palipofichwa? Inanyamaza, inanung'unikia konsoli, na mwaloni nani anaangalia konsoli? Ni sawa na kuzuiwa mzanini kwa sababu ya gunia lililobaki Ukerewe.

Dawa yake ni mistari miwili mitatu tu. Mtu akibonyeza Hapana, ondoa ile alama ya lazima, au kizime kisanduku kabisa, maana kilichozimwa brauza haikikagui wala haikitumi. Akirudi kwenye Ndiyo, unarudisha. Halafu seva, yaani kompyuta inayopokea fomu, nayo ikague kwa kanuni hiyohiyo, kwa kuwa ukaguzi wa brauza unapitika. Hayo nayasema leo nimetulia. Siku ile chaji imefika asilimia 3 na Mwenyekiti anapiga simu bila kupumua. Nikafanya la haraka: nikafuta mstari unaoficha, kisanduku kionekane kwa wote.

"Jaribuni sasa."

"Inapita, fundi! Inapita!"

Nikafunga kompyuta nikaangalia ziwa kama mtu aliyesoma.

Kilichokuwa kikipita ni hiki: kapera anabonyeza Hapana, chini anakuta "Jina la mwenza", kinyota chekundu, na simu inamgomea mpaka aandike kitu. Mtu mzima ana shida na mkopo, mashine inamwambia hana ruhusa ya kukosa mke. Akaandika.

Kikao kiliangukia mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi ya dagaa inapumzika kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo ukumbi ulifurika. Katibu akasimama na orodha, akaanza kusoma jina la mwanachama na la mwenza wake, kwa ile sauti yake ya hakimu.

Wenye ndoa wakapita salama. Kisha: "Mwenza: nukta." "Mwenza: bado." "Mwenza: Mungu anajua." Mmoja alibonyeza kitufe cha nafasi mara moja tu, na brauza ikaridhika, maana kwake nafasi nayo ni maandishi, huyo namhesabu mwenzangu wa taaluma. Mwingine: "Mwenza: Pamba." Watu wakacheka, ila mimi nilimwelewa. Timu hiyo ya mpira ya Mwanza imekaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, imerudi mwaka 2024, na jamaa hakuwahi kuikimbia. Ndoa ngapi zina uvumilivu huo? Mpakia barafu aliandika jina la Mtunza Hazina. Mtunza Hazina akainuka, akabana kufuli zote tatu za sanduku, akalikalia.

Halafu Katibu akafika kwa mzee wa mitumbwi miwili. "Mwenza: Mama Chapati."

Ukumbi ukawa kimya. Mzee akageuka kutazama ziwa, japo dirisha lilikuwa upande wa pili.

Nikasimama nikakiri: fomu ndiyo iliyowalazimisha, nao hawana kosa. Usiku uleule nikarekebisha kila kitu, kisanduku na seva, na kila aliyebonyeza Hapana nikamfutia mwenza. Safari hii nilijaribu Hapana mara ishirini. Mke wangu akachungulia begani, akauliza kwa upole kwa nini nimeandika mara ishirini kwamba sina mke. Hayo ni mengine.

Alfajiri simu ikalia.

"Fundi."

"Shikamoo, Mama Chapati."

"Marahaba. Nasikia umefuta majina."

Nikajivuna kidogo. Nikamwambia ndiyo mama, yote, lako nimeanza nalo, usiwe na wasiwasi.

Akanyamaza. Nikasikia mafuta yakichacharika kwenye chuma.

"Na nani alikutuma?"