Miaka 30 bila swali

Wanaobeza kamati za uchunguzi za Bunge wana hoja nzito: kamati haimfungi mtu. Inaita mashahidi, inawaapisha, inaandika ripoti, na ripoti inaishia kabatini. Tena, wanasema, wabunge hujitafutia umaarufu mbele ya kamera, na vyombo vya usalama haviwezi kufanya kazi huku vikichunguliwa.

Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Frank Church, seneta wa Marekani aliyeongoza uchunguzi wa mashirika ya ujasusi mwaka 1975, mwaka uliofuata aliwania urais. Na Richard Welch, mkuu wa kituo cha CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mjini Athens, alipouawa Desemba 1975, wachunguzi wa Bunge la Marekani walibebeshwa lawama, ingawa si wao waliofichua jina lake.

Lakini hebu tuangalie kamati ya Church ilichofukua. Tangu 1945, kampuni tatu za telegramu zilikuwa zikiikabidhi serikali nakala za telegramu za kimataifa za wateja wao. Kibali cha mahakama hakikuwepo. Mpango huo ulipopamba moto, NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, lilikuwa likichambua takriban telegramu 150,000 kwa mwezi. Marais sita walipita. Bunge lilikuwepo muda wote huo, likiidhinisha bajeti mwaka hadi mwaka, na fedha za kazi hiyo zilitoka humohumo. Mambo haya yanaumiza kuyafikiria: miaka 30 ya telegramu za watu kusomwa, na waliochaguliwa kuwasemea watu hao hawakuuliza. Mpango ulisitishwa Mei 1975, miezi michache tu baada ya kamati kuundwa. Haikuhitajika hukumu wala pingu. Oktoba mwaka huohuo mkuu wa NSA alikaa mbele ya maseneta, hadharani, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya hapo.

Wapinzani watanikumbusha mwaka 2013. Katika kikao cha kamati ya Seneti, Seneta Ron Wyden alimuuliza James Clapper, mkuu wa ujasusi wa Marekani wakati huo, kama NSA inakusanya taarifa za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana. Miezi mitatu baadaye, nyaraka za siri zilizovujishwa na Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi za NSA, zikaonyesha vinginevyo. Kwao huo ni ushahidi kwamba kamati ni mapambo. Mimi naona Wyden aliuliza swali sahihi, tena jibu alikuwa analijua, ila kanuni za usiri zilimziba mdomo. Aliyeshindwa hapo ni Bunge lililokubali kufungwa ulimi.

Na halikulazimika kukubali. Azimio la 1976 la Seneti, mojawapo ya mabaraza mawili ya Bunge la Marekani, lililozaliwa na kazi ya Church, linaipa Seneti uwezo wa kuchapisha siri kwa manufaa ya umma hata rais akipinga. Anayedai kamati hazina meno aanze kwa kuwauliza maseneta kwa nini wanaogopa kuyatumia hayo waliyonayo.