Talaka Imetoka, Jina Lake Bado Liko Kwenye Fomu

Ujiji, Kasulu, Urambo, kote utawasikia wakisema "tumeshaachana", kumbe kilichopo ni karatasi aliyoandika mume au kauli ya wazee wa pande mbili. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971, ndoa ya walio hai huvunjwa kwa amri ya mahakama. Kabla ya amri hiyo mmoja akifa, aliyebaki ana hoja nzito ya kusimama kama mjane au mgane halali, hata kama wamelala nyumba mbili tofauti miaka mitano. Kwa Waislamu, talaka ikiwa rejea (ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mke) na eda, muda wa mke kungoja baada ya talaka, haijaisha, wanarithiana.

Ndiyo maana naona ni kosa kungoja hukumu ndipo uandike wosia. Uandike siku mnayotengana, kisha uuandike upya amri ikitoka.

Njia ya mahakamani huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu hati itolewe. Wengi huiweka sandukuni wakisubiri msimu wa tumbaku uishe, na wakienda wanaambiwa waanze upya.

Shauri likiendelea, linda nyumba. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mwenye nyumba ya ndoa kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na yule mwenzake anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Usingoje dalali aje na mteja.

Mgawanyo wa mali uko kifungu cha 114, na hapa ndipo mali ya huku kwetu hupotea. Watu husema shamba ni la ukoo wa mume, basi mke hana chake. Si hivyo. Mali iliyokuwepo kabla ya ndoa huingia kwenye hesabu ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Mwanamke aliyepanda michikichi na kuipalilia mpaka ikazaa ameendeleza shamba lile. Kazi za nyumbani nazo ni mchango; Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Lakini jaji hagawi asichoonyeshwa: peleka risiti za mabati, hati ya kimila ya ardhi, leseni ya mtumbwi, mashahidi wa mipaka. Na deni la pembejeo lisemwe pale pale. Mahakama huangalia madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Ukinyamaza, chama cha msingi cha ushirika kitakata kwenye malipo ya yule aliyeandikwa jina.

Hukumu ikishatoka, chukua nakala iliyothibitishwa, sajili talaka RITA, wakala wa serikali wa usajili, kisha peleka nakala ofisi ya ardhi ili hati ibadilishwe jina. Halafu zunguka kwenye fomu: mfuko wa hifadhi ya jamii, SACCOS (chama cha kuweka na kukopa), bima ya maisha, kazini. Pale mteule, yaani mtu wa kulipwa ukifa, uliyemwandika siku ya harusi bado ndiye mteule mpaka ujaze fomu nyingine. Hukumu haifiki huko yenyewe.

Wosia nao una masharti yake. Kwa sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje; asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne. Mrithi asiwe shahidi. Kumnyima mrithi bila kueleza sababu ni kualika kesi. Muislamu anausia mpaka theluthi moja ya mali yake, na kwa asiye mrithi. Mtalaka ambaye eda yake imekwisha anaweza kuachiwa kitu humo.

Wenye watoto wadogo, andikeni ndani ya wosia nani atashika mali yao mpaka wafike miaka 18. Msipofanya hivyo, anayeishi nao baada ya kifo anaweza kuomba usimamizi, na mara nyingi ni yule yule mliyeachana naye.